Swali Lisilokuwa Kwenye Fomu

Mwaka ule mvua za mwisho wa mwaka hazikutudanganya. Ndengu zilizaa vizuri kiasi kwamba wazee wa kijiji chetu, Kathonzweni, waliacha milango ya ghala wazi makusudi, ili wapita njia waone. Ulipofika mwezi wa pili, kila boma lilikuwa likipura. Maganda makavu yalitandazwa juu ya turubai, wanawake wakasimama pande mbili wakitazamana, fimbo zikapanda na kushuka, na vumbi likasimama hewani tangu asubuhi hadi jua kutua. Mbithe alikuwa na umri wa miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kupepeta, na kumchunga mdogo wake Mulwa, wa miaka minne, asipigwe na fimbo za watu wazima.

Mulwa alianza kukohoa. Watu wakasema ni vumbi. Siku ya pili mwili wake ulichemka, na mbavu zake zikawa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Mama yake hakuweza kuiacha kazi, kwa kuwa lori la wanunuzi lilitarajiwa kesho yake. Kwa hiyo alimtuma Mbithe dukani akalete dawa ya kifua. Mwenye duka hakuuliza mgonjwa ni nani wala ana umri gani. Alihesabu vidonge vya manjano, vyekundu, na vidogo vyeupe, akavifunga katika kipande cha gazeti. Mbithe alivikimbiza nyumbani ngumi ikiwa imefumbwa. Ni yeye aliyevisaga kwa kijiko, akavichanganya na sukari, na kumnywesha mdogo wake.

Asubuhi homa ilikuwa imekata. Mulwa aliamka akidai chakula. Alikunywa uji, akala kiazi kitamu, akaomba kingine, kisha akaenda kurukaruka juu ya turubai. Mama alicheka, akamwita Mbithe "ndakitali wakwa", daktari wangu. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Mulwa alijilaza kivulini huku midomo yake ikiwa na rangi ya majivu, wala hakuamka tena.

Nilikuwa mwalimu wa Mbithe wakati huo. Aliporudi darasani baada ya juma moja hakulia kama tulivyotarajia. Alisubiri wenzake watoke, akaja mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, mtu anaponaje halafu anakufa?"

Nikampa maneno tunayowapa waliofiwa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniambia, "Hilo si jibu." Akatoka. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mtoto huyu ana hasira, na kwamba hasira yake ina haki.

Miaka ilipita kwa namna ipitavyo. Mbithe alisoma, akafunzwa kazi ya maabara, na hatimaye akaajiriwa katika kituo kimoja cha afya kaskazini mwa Kitui, si mbali na soko la Kyuso. Sitakitaja kwa jina. Alikuwa peke yake katika chumba chenye darubini moja, jiko la kuchemshia vifaa, na dirisha dogo ambalo wagonjwa walipitishia mikono yao kutolewa damu. Alikuwa hodari. Hakuwahi kuchanganya majina ya watu wala kuchelewesha majibu. Hata hivyo, sitakuwa mwaminifu kwa wasomaji wangu nikificha kwamba alikuwa mkali kupita kiasi. Kina mama walimpachika jina la Bi. Dirisha.

"Umeanzia wapi kabla ya kuja hapa?" alikuwa akiuliza.

"Hapa hapa, daktari."

"Mimi si daktari. Na wewe si mjinga, au ni mjinga? Mtoto anaumwa siku nne, leo ndiyo unaona kituo kiko wapi? Ulipitia kwa Munyao?"

"Aiee, sijapitia."

"Siku nitakayokuta mtu amepitia kwa Munyao, nitamrudisha kwa Munyao huyo huyo amtibu hadi mwisho!"

Munyao alikuwa na duka la dawa nyuma ya soko la mbuzi. Mchanganyiko wake wa kifua ulisifiwa hadi mpakani mwa Tana. Alikuwa mtu mcheshi, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, na hakumkemea mtu yeyote. Basi ikawa desturi ya mahali pale, desturi ambayo hakuna aliyeitunga: unaanza kwa Munyao, ukishindwa unakwenda kituoni, na ukifika dirishani unasema hujameza kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mradi mmoja wa afya ulileta mashine. Haikuzidi redio kwa ukubwa. Tone moja la damu ya kidole, dakika nne, na namba ikajitokeza. Waliokuja nayo walitoa mafunzo kwa asubuhi moja, wakala chakula cha mchana, wakapiga picha, wakaondoka. Waliacha bunda la fomu zilizochapishwa: jina, umri, siku za kukohoa, namba ya mashine, uamuzi. Namba ikiwa chini ya ishirini, mgonjwa asipewe antibiotiki, aende nyumbani. Nia yao ilikuwa njema, kwa kuwa antibiotiki zilikuwa zikitolewa kama njugu.

Mbithe alinieleza kazi ya mashine hiyo nilipomtembelea, naye alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha jambo lolote. Bakteria wa nimonia wanapoingia katika mapafu, mwili hutengeneza protini za uvimbe. Nyingine hupiga kelele ya hatari, ndiyo maana mwili huchemka. Nyingine, inayotoka kwenye ini, huwakamata bakteria na kuwatia alama kama wafanyabiashara wa Kyuso wanavyowapaka rangi mbuzi waliowanunua, ili askari wa damu wajue ni yupi wa kumla. Hiyo ndiyo protini ambayo mashine ilikuwa ikiihesabu. Protini hizo zikizidi mno, zenyewe hutoboa ukuta wa mapafu, na bakteria hupita hapo kuingia katika damu. Zikinyamazishwa kabla ya kazi yao, bakteria hupita vile vile, kwa kuwa hakuna aliyewapaka rangi.

"Na nini huzinyamazisha?" niliuliza.

"Kuna vidonge, Mwalimu. Vidogo, vyeupe. Hospitali kubwa huvitumia kwa kipimo, pamoja na antibiotiki kamili, na vimeokoa watu wengi. Tatizo si kidonge. Tatizo ni kidonge kwenye gazeti."

Wakati huo hata yeye hakuwa ameunganisha mambo yote. Aliunganisha mwaka uliofuata, mwezi wa pili, wakati vumbi la ndengu lilipokuwa limetanda tena.

Siku ya Jumanne alifika dirishani mwanamke aitwaye Istahil. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki miaka mingi iliyopita, na sasa alikuwa na duka la sukari, unga na majani ya chai mjini Kyuso, huku mumewe akisafiri kununua mifugo. Alikuwa amembeba binti yake Intisar, wa miaka sita, aliyekuwa akikohoa kwa siku tano.

"Amemeza nini?" Mbithe aliuliza.

"Maji tu, dada."

"Maji tu, siku tano. Kwa Munyao hamkupita?"

Istahil alitazama foleni iliyokuwa nyuma yake, watu kumi na zaidi, wote wakisikiliza. "Hatukupita," akasema.

Mashine ilisema kumi na nne. Mutiso, tabibu wa kituo, kijana mpole aliyependa kufuata karatasi, alitazama namba, akatazama mtoto asiye na homa, akaandika kwamba aende nyumbani akanywe vitu vya moto.

Kesho yake alasiri Mbithe aliingia dukani kwa Istahil kununua sukari. Intisar alikuwa ameketi juu ya gunia akila wali. Alimaliza sahani akaisukuma mbele aongezwe.

"Unaona, dada?" Istahil alisema kwa furaha. "Mashine yako haidanganyi. Tangu juzi anakula tu! Jana usiku, wallahi, amekula mpaka chakula cha baba yake."

Mbithe aliiweka sukari juu ya kaunta. Alimtazama mtoto. Homa haipo, macho yanang'aa, mdomo umejaa chakula, na matundu ya pua yakifunguka na kujifunga kama ya punda aliyepanda mlima. Alihesabu pumzi kwa saa ya mkononi: hamsini na mbili kwa dakika. Mbele yake hapakuwa na Intisar. Palikuwa na turubai la Kathonzweni, na mvulana anayeomba kiazi cha pili, kwa kuwa vidonge vyeupe huzima homa na kuamsha njaa huku mapafu yakizidi kuugua.

"Ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu."

"Istahil, usinidanganye! Ulimpa vidonge vya Munyao!"

Wateja waligeuka. Istahil alivuta mtandio wake, akakunja uso. "Nimesema sikumpa. Unataka nini na mimi? Chukua sukari yako."

Mbithe aliiacha sukari, akavuka soko la mbuzi karibu anakimbia. Munyao alikuwa nyuma ya kaunta yake akikunja vipande vya gazeti.

"Ulimuuzia nini Istahil?"

"Karibu, Bi. Dirisha! Leo umetoka nje ya dirisha? Tukuletee kiti ama unataka tupitishe mkono?"

Watu wawili waliokuwa dukani walicheka.

"Munyao, kuna mtoto atakufa. Uliweka vile vyeupe?"

"Naweka vinavyosaidia. Mtu anakuja usiku hajalala, mtoto analia. Nikimpa, kesho mtoto anacheza. Wewe ukimpa namba, anaenda nayo nyumbani aipike?"

"Unazima kengele unaacha nyumba iungue! Na hiyo antibiotiki yako, vidonge viwili, ni ya nini? Ya kuwachekesha bakteria?"

"Wananunua wanachoweza."

"Nambie ulichompa."

Munyao aliacha kukunja. Sauti yake ilishuka, na hakukuwa na mzaha tena ndani yake. "Siwezi kusema ya mteja mbele za watu. Lakini nikuulize, mwanangu. Wote wanaokuja hapa wananiambia kila kitu, hata walichokula jana. Wewe umesoma, una mashine, uko na koti jeupe. Mbona wewe hawakwambii?"

Mbithe aligeuka akatoka. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Munyao kwa dakika ile moja, na kwamba alimchukia kwa sababu hakupata neno la kumrudishia. Alisimama nje kati ya mbuzi, akiwa na hasira iliyokuwa imekosa pa kwenda. Kisha akarudi dukani kwa Istahil.

Hakusimama mlangoni. Aliketi chini, juu ya gunia, kando ya mtoto, chini ya kimo cha mama yake.

"Nilikuwa na ndugu," akasema. "Aliitwa Mulwa. Nilipokuwa na miaka tisa nilitumwa dawa ya kifua. Vidonge nilivileta mimi, kwa mkono huu. Nilivisaga mimi. Kesho yake akala sana, kama huyu anavyokula. Tukafurahi. Siku ya tatu tukamzika. Sijawahi kumwambia mtu hapa Kyuso. Sikuja kukugombeza, Istahil. Hata mimi nilimpa."

Istahil alifunga mlango wa duka mbele ya wateja wake, akainama chini ya kaunta, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Vya manjano viwili vilikuwa vimekwisha. Vyeupe vilibaki vitatu.

"Tangu Jumamosi," akasema. "Asubuhi na jioni. Niliogopa ungenifukuza mbele ya watu."

"Ningekufukuza," Mbithe alisema. "Ndiyo. Ningekufukuza."

Walimbeba mtoto kwa zamu hadi kituoni. Mutiso alipima damu upya, kama karatasi ilivyoagiza. Mashine ikasema kumi na moja.

"Namba imeshuka, dada Mbithe," akasema. "Anapona."

"Mutiso, weka sikio kwenye mgongo wake."

"Lakini namba..."

"Namba imeshuka kwa sababu imezibwa mdomo! Hivi hapa vilivyoiziba." Alimwaga vidonge vitatu juu ya fomu. "Mtoto anapumua mara hamsini na mbili. Wewe ni tabibu wa mtoto au wa mashine?"

Mutiso aliweka sikio. Upande wa kulia, chini, pafu lilikuwa kimya kama ukuta. Alimchoma sindano ya kwanza saa kumi na moja jioni, akaita gari, na Intisar akapelekwa hospitali kubwa. Huko damu yake iliwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue, na baada ya siku mbili bakteria walionekana: walikuwa wameshatoka katika mapafu na kuenea katika damu, na kutoka kwenye damu walikuwa wameanza kugusa utando wa ubongo. Madaktari walisema saa kumi na mbili zaidi zingetosha kummaliza. Alilazwa majuma matatu. Alirudi Kyuso hai, mwembamba, na sikio lake la kushoto halisikii hadi leo.

Ningependa kusema kwamba hapo watu walijifunza. Mbithe kweli alijifunza. Alitoa benchi nje, akaweka kiti chake mwisho wa benchi hilo, na kuanzia juma lile aliwahoji kina mama wakiwa wameketi bega kwa bega, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia. Alianza kwa kusema, "Mimi mwenyewe nilitoka kwa familia iliyoanzia dukani. Nyinyi mlianzia wapi?" Ndani ya mwezi mmoja vipande vya gazeti vilianza kutolewa mifukoni, vingi hata yeye akashangaa. Kati ya watoto arobaini na watatu waliokuja na kikohozi, kumi na tisa walikuwa wamekwisha kupewa vidonge vyeupe. Munyao, kwa upande wake, alikaguliwa, akafungiwa duka kwa juma moja, akafunguliwa. Kina mama wanasema siku hizi anauliza umri wa mtoto. Zaidi ya hapo sijui.

Mbithe aliwaandikia wenye mradi. Aliomba jambo dogo mno: fomu iongezwe mstari mmoja, "Amemeza nini kabla ya kuja?" na, ikiwa ni vidonge vyeupe, namba isitumiwe kumrudisha mtu nyumbani. Hakujibiwa. Aliandika mara ya pili akiambatanisha hesabu ya watoto kumi na tisa. Alijibiwa kwamba fomu zilikwisha kuchapishwa kwa kaunti zote, na kwamba mabadiliko yangeharibu ulinganifu wa takwimu. Niliisoma barua hiyo kwa macho yangu. Nimefundisha lugha kwa miaka thelathini na sita, nami nasema kwamba sijawahi kuona sentensi iliyotungwa kwa adabu namna ile ikimzika mtoto kwa utulivu namna ile. Barua ya tatu aliipeleka kwa mkono. Alisubiri kwenye benchi la ofisi yao tangu saa tatu hadi saa tisa. Aliyetoka kumpokea alimwambia, "Mama, wewe kazi yako ni kutoa damu."

Basi akaanza kuliandika swali lile kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, chini ya kila fomu, na kulijaza. Takwimu za kituo chake zikawa hazifanani na za wengine. Alipewa onyo kwa maandishi. Akaendelea. Alipewa onyo la pili, na kisha barua ya uhamisho, kwenda kituo kingine ambako mashine ile haipo.

Istahil alikwenda kwa msimamizi kumtetea, akiwa na Intisar mkononi. Aliambiwa aandike malalamiko yake. Aliuliza kama kuna fomu.

Siku ya mwisho ya Mbithe kazini ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne mwezi wa Machi mwaka 2025. Kwa maelezo ya mlinzi wa lango, mzee Mulinge, alifika saa kumi na mbili asubuhi, akafungua ghala, akatoa fomu zote zilizobaki ambazo hazijatumika. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Aliketi kwenye benchi la nje na kuandika swali lile kwa wino mwekundu kwenye kila moja, akisimama tu kuwahudumia wagonjwa sita waliokuja. Alimaliza saa kumi alasiri. Alizifunga hamsini hamsini kwa uzi, zile kumi na mbili akaziweka juu, akazirudisha ghalani, akamkabidhi Mulinge ufunguo, akatia sahihi katika daftari la lango, akaondoka.